Rafu ya Kofia Iliyogeuka Kabati la Masanduku

Aliyewahi kupanda ndege ya kutoka Dubai kuja Dar es Salaam anaijua ile purukushani ya kutafuta nafasi ya begi. Huyu anasukuma lake kwa kiwiko, yule anapanga upya mizigo ya wenzake bila hodi, mhudumu anapita akibana vifuniko visivyotaka kufunga. Nani angeamini kwamba pale juu palitengwa kwa ajili ya kofia?

Ndivyo ilivyokuwa. Katika DC-3 ya miaka ya 1930, na hata katika Boeing 707 iliyoanza safari za Pan Am mwaka 1958, juu ya abiria kulikuwa na rafu ya wazi, kama ya kwenye treni. Ilipewa jina la rafu ya kofia, na iliwekwa vitu vyepesi: kofia, koti, blanketi, mto. Sanduku lilikwenda tumboni mwa ndege. Rafu isiyo na mlango haiwezi kukabidhiwa kitu kizito ndege ikianza kuyumba.

Mlango ulikuja na ukubwa. Januari 1970 Boeing 747 ya Pan Am ilisafirisha abiria wake wa kwanza kutoka New York kwenda London, ikiwa na makabati ya kufungwa juu ya viti. Ndege nyembamba nazo zikafuata mtindo huo.

Mwaka huohuo Mmarekani Bernard Sadow, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya masanduku, alitoka likizo Aruba akihangaika na masanduku mawili mazito. Uwanjani akamwona mfanyakazi akisukuma mashine nzito kwenye kigari, bila jasho. Akafunga magurudumu manne kwenye sanduku, akaweka na kamba ya kulivuta; hataza akaipata mwaka 1972. Maduka mengi yalimkataa kwanza, kwa hoja kwamba mwanamume hawezi kuonekana akiburuta sanduku! Aliyemaliza kazi ni rubani Robert Plath, mwaka 1987: akalisimamisha sanduku wima juu ya magurudumu mawili, akalipa mpini wa kuchomoza. Wahudumu wa ndege walilitumia, abiria wakaliona, wakalitamani. Kwa maoni yangu, hakuna aliyelitesa kabati la ndege kuliko rubani huyu.

Uzito ukaongezeka, na kabati lenyewe likawa hatari. Usiku wa 8 Januari 1989, Boeing 737-400 iliyokuwa safarini kutoka London kwenda Belfast ilianguka kando ya barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza. Kati ya watu 126 waliokuwamo, 47 walikufa. Wachunguzi walipoingia ndani walikuta kwamba, kati ya makabati 30 ya juu, moja tu ndilo lililobaki mahali pake. Mengine yote yaling'oka. Wakapendekeza masharti ya uimara wake yakazwe.

Mafundi walikuwa na shida nyingine pia: kumpa abiria nafasi bila kumbana kichwa. Jibu mojawapo ni kabati la bawaba, ambalo lote hushuka chini, likapakiwa, kisha likasukumwa juu. Lililofungwa halili nafasi ya kusimama. Lakini mwaka 2008 American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalokwenda tumboni mwa ndege, mashirika mengine ya Marekani yakaiga, na watu wakaamua kupanda na kila kitu mkononi.

Oktoba 2015 Alaska Airlines ikapokea 737 ya kwanza yenye kabati jipya la Boeing. Masanduku hayalazwi tena; husimamishwa kwa ubavu kama vitabu, sita mahali palipoingia manne. Ili yaenee, sakafu ya kabati imeshushwa kama sentimita 5. Basi wewe uliye mrefu, ukiinuka kitini, angalia kichwa.