Maji Aliyoyanywa Paka: Kutoka Nyumba ya Abu Qatada Hadi Buyenzi



Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu wa Bujumbura kuna ugomvi mdogo ambao akina mama wanaujua vizuri. Paka amewekewa maji yake katika kibakuli, kayaacha, kaenda kuinamia ndoo ya kutawadhia. Mtoto anapiga kelele, "Najisi!", na ndoo inamwagwa. Siku bomba linapotoka, hilo ni jambo dogo. Lakini siku bomba limekauka, na maji yameletwa kwa bidoni juu ya kichwa cha mtu, ndoo moja iliyomwagwa bure ni hasara ya kweli. Basi tuitazame historia ya suala hili, maana halikuanza jana, na wala halikuanzia kwa kadhi. Lilianzia ndani ya nyumba.

Swahaba Abu Qatada al-Answari (r.a.), mpanda farasi mashuhuri wa Mtume (s.a.w.), aliingia kwa mke wa mwanawe, Bi Kabsha bint Kaab bin Malik. Baba yake Bi Kabsha ndiye yule mshairi wa Answari aliyebaki nyuma katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, na toba yake ikateremshiwa Qur'ani. Bi Kabsha akamtilia mkwewe maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Mzee hakumfukuza, bali alikiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipogeuka akamwona Bi Kabsha anamtazama. Akamuuliza kama anastaajabu, naye akakubali. Ndipo akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani.

Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta, na vilevile Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Na tuzingatie jinsi ilivyotufikia: kwa mwanamke aliyestaajabu, akaulizwa, akajibiwa, akahifadhi. Abu Daud ana nyingine inayofanana nayo. Mjakazi alipelekwa kwa Bibi Aisha (r.a.) na chakula cha harisa, akamkuta anasali, akaashiriwa akiweke chini. Paka akaja akala. Bibi Aisha alipomaliza sala alikula palepale paka alipolia, akasema kuwa amemwona Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa maji aliyoyabakisha paka. Hizi zote ni elimu za jikoni na za kata ya maji, na wapokezi wake ni wanawake.

Sababu iliyotajwa, yaani kuzunguka majumbani, ndiyo waliyoishika wanazuoni. Neno lenyewe lina asili moja na lile lililotumika katika Suratun-Nur aya ya 58, juu ya watoto na watumishi wanaoingia na kutoka kwa watu wa nyumba. Kiumbe huyu hana mlango unaomzuia. Lau makombo yake yangekuwa najisi, nyumba ingekuwa katika mashaka kila siku.

Imam Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria) aliona maji hayo ni twahara lakini ni makuruhu ukiwa na mengine. Imam Malik (179 Hijria) na Imam Shafii (204 Hijria) hawakuona ubaya. Baadaye wakaja Mashafii na swali gumu zaidi: je, kama paka ametoka kula panya, na mdomo una damu? Hapo maji machache yananajisika. Lakini je, akitoweka kidogo kisha akarudi kunywa? Imam Nawawi wa Sham alisimama na kauli kwamba ikiwa alipotoweka kuna uwezekano wa kuwa amekunywa katika maji mengi, basi mdomo wake hauhukumiwi tena kuwa na najisi. Angalia wepesi huo! Faqihi amekaa na kitabu chake, anamfikiria paka anakwenda zake mtoni na kurudi. (Imam Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, mwaka uleule aliofariki Sultani Baybars wa Misri, ambaye inasimuliwa kuwa aliacha bustani ya wakfu kwa ajili ya kuwalisha paka wa Cairo.)

Sasa mas'ala haya yamefikaje kwetu ukingoni mwa Tanganyika? Yalikuja na Waswahili. Karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu wa pwani waliweka makazi Ujiji, na kutoka hapo wakawa wanapanda kwa vyombo vya majini mpaka Uzige, ncha ya kaskazini ya ziwa. Wajerumani walipojenga kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, Waislamu wa Kiswahili walikuwa miongoni mwa askari wao na wachuuzi wa mji. Wabelgiji waliushika mji mwaka 1916, na chini yao Buyenzi ikawa ndiyo mtaa wa Waswahili. Jina la Usumbura likaondoka mwaka 1962, Buyenzi ikabaki na misikiti yake na madrasa zake.

Fiqhi waliyokuja nayo watu wa pwani ni ya Kishafii, na miongoni mwa vitabu vyake vya chuoni ni Safinatun-Najaa cha Sheikh Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefia Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Mwanafunzi anayekisoma hukuta humo kwamba najisi nzito ni ya mbwa na nguruwe. Paka hayumo. Hukuta pia kwamba maji machache ni yale yasiyofika qullatayn, ambazo kwa makadirio ya kawaida ni kama lita 200. Kwa hesabu ya Bujumbura hizo ni bidoni kumi za lita 20. Ni nyumba chache zenye bidoni kumi zilizojaa, ndiyo maana hukumu ya ndoo moja ina uzito kwetu.

Kwa nini basi paka aache kibakuli chake? Asili ya paka wa nyumbani ni paka pori wa nchi kavu za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Huyo hupata sehemu kubwa ya maji yake katika nyama anayoiwinda, na figo zake zinajua kubana maji. Kwa hiyo anakunywa kidogo na anachagua. Mwaka 2010 watafiti huko Marekani walionyesha kuwa paka hachoti maji kwa ulimi. Anaugusisha tu upande wa juu wa ncha ya ulimi, anauvuta haraka, na maji yanapanda kama uzi, karibu mara nne kwa sekunde. Wako wanaopenda maji yanayodondoka bombani na wako wasioyajali, hutofautiana paka na paka.

Maji ya bomba ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutoka ziwani, husafishwa na kutiwa klorini. Wafugaji wengi wanasema paka haipendi harufu hiyo. Maji yakikaa wazi harufu hupungua, na huenda ndiyo maana ndoo iliyolala inampendeza kuliko kibakuli kilichotoka kujazwa.

Hapa wazazi wawe macho. Mtu asidhani kuwa maji anayoyakataa paka ni mabaya, au anayoyapenda ni salama. Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko mwingine. Klorini ileile inayomkera paka ndiyo kinga ya mtoto. Twahara ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jambo jingine: maji aliyoyaramba paka yanafaa kutawadhia, lakini ya kunywa watu yachemshwe au yatiwe dawa, kisha yafunikwe. Mtume (s.a.w.) ameamrisha vyombo vifunikwe usiku.

Lakini ukifunika vyombo vyote, umebaki na wajibu kwa paka, kwa kuwa umemfungia njia. Yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, kosa lake ni kumfunga, asimpe chakula wala maji, na asimwachie ajitafutie. Basi awekewe bakuli pana, mbali na chakula chake, na maji ya bomba yaachwe wazi kwa muda kabla ya kumpa.

Wallaahu a'lam.