Boston na Haki ya Mbali

Boston ina jina la mji wa haki. Huko ndiko William Lloyd Garrison alianzisha gazeti lake la kupinga utumwa, The Liberator, mwaka 1831. Lakini utumwa wenyewe ulikuwa mbali, majimbo ya Kusini. Mwaka 1974 jaji aliamuru shule za umma za Boston zichanganye watoto weusi na weupe. Mabasi yaliyowapeleka watoto weusi South Boston yakapigwa mawe.

Nyani haoni kundule. Haki ya mbali ni rahisi kuitetea; shida ni ikibisha mlangoni kwako.

Na siwacheki. Mtandaoni mimi hupigia kelele dhuluma za ng'ambo. Kibanda cha mama mboga wetu kilipobomolewa hapa Nairobi, nilipita tu kama sijaona.