Harriet Brooks na Sharti la Ndoa

Husemwa kuwa wanawake huiacha sayansi kwa hiari yao. Neno hiari hapa lataka kupimwa. Harriet Brooks, mzaliwa wa Kanada, alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha McGill chini ya Ernest Rutherford. Mwaka 1904 alieleza jambo ambalo baadaye lilitambuliwa kuwa ni kurudi nyuma kwa atomu itoapo mionzi, mfano wa bunduki imsukumavyo mpigaji.

Mwaka 1906 alikuwa akifundisha katika Chuo cha Barnard, New York, alipochumbiwa. Mkuu wa chuo, Laura Gill, naye mwanamke, alimtaka ajiuzulu aolewapo. Brooks alikataa, akisema kuwa mwanamke ana haki ya kazi yake, na ndoa si sababu ya kumpokonya. Uchumba ulivunjika; na Barnard pia akaondoka. Alifanya kazi Paris katika maabara ya Marie Curie, kisha mwaka 1907 akaolewa na Frank Pitcher, akaiacha fizikia.

Rutherford alikuwa ameoa mwaka 1900, asifungiwe mlango wowote. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel. Brooks alipofariki mwaka 1933, ni yeye aliyemwandikia taazia katika jarida la Nature.