Kanisa Lililotumwa

Wengi hudhani ya kuwa utume ni kazi ya wageni wa ng'ambo, kama wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934. Lakini mwaka 2014 Dayosisi ya Kianglikana ya Mara ilifungua nyumba Mugumu, katika wilaya yetu ya Serengeti, iwapokee wasichana waliokimbia kukeketwa. Hao ni binti zetu wa Machochwe na vijiji vingine, na waliowakimbia ni jamaa zao, jirani zetu. Basi njia ya utume yapita maboma ya kwetu. Yatupasa kumlinda mtoto, tena kuwaendea baba na mama yake kwa upole, hata arudi kwao salama. Kanisa lisilofika huko, lijapoimba vizuri, halijaanza safari.