Udhibiti wa Kasi ya Nakala Rudufu za Seva

Udhibiti wa kasi ya nakala rudufu ni utaratibu wa kuiwekea seva mpaka wa kiasi cha data inachoweza kutuma kwa sekunde inapopeleka nakala za faili zake kuhifadhiwa mahali pengine, ili kazi nyingine zinazotegemea laini hiyohiyo ya intaneti zisikwame. Umuhimu wake huonekana zaidi pale ambapo laini moja nyembamba hubeba mizigo ya watu wengi, kama ilivyo Githurai 45, mtaa wa eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu uliopata jina kutokana na nambari ya njia ya mabasi, ambako saibasi, zahanati, shule na vyama vya akiba na mikopo hubanana kandokando ya Barabara Kuu ya Thika.

Kiini cha tatizo ni foleni. Seva huweza kuisukumia ruta, yaani kifaa kinachounganisha ofisi na mtandao wa nje, megabiti 1,000 kwa sekunde, ilhali laini yenyewe huenda ikapitisha megabiti 10 tu, na data inayozidi hujipanga katika kumbukumbu ya ruta ikisubiri zamu. Mteja wa saibasi anayewasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni hubaki akitazama ukurasa unaozunguka bila kufunguka, ingawa fomu yake ni nyepesi, kwa sababu ombi lake, pamoja na vijumbe vidogo ambavyo kompyuta yake hutuma kuthibitisha kwamba imepokea data, vimekwama nyuma ya nakala za seva. Inasikitisha kwamba wengi hapo hulipia kifurushi chenye kasi kubwa zaidi ya kupakua, wakati upande uliojaa ni wa kupakia.

Mpaka huwekwa ama kwenye ruta ama kwenye programu inayotuma nakala. Rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hutuma sehemu zilizobadilika tu za faili, na ina chaguo liitwalo bwlimit la kupunguza kasi. Hapa pana kosa linalostahili kuangaliwa kwa makini: kampuni za intaneti huuza kasi kwa biti, lakini rsync huhesabu kwa baiti, ambayo ni biti 8, katika mafungu ya 1,024. Fundi anayetaka megabiti 6 akiandika 6000 huwa ameruhusu takriban megabiti 49, kiwango ambacho kwenye laini ya megabiti 10 ni sawa na kutoweka mpaka wowote. Nambari inayofaa ni karibu 732.

Kiwango cha mpaka hukokotolewa kutokana na saa zilizopo. Laini ikiachiwa megabiti 6 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, itapitisha takriban gigabaiti 19, ambazo kwa kawaida hutosha mabadiliko ya siku moja ya ofisi ndogo. Lakini nakala ya kwanza ya gigabaiti 400 ingehitaji zaidi ya majuma matatu. Kwa hiyo ni busara nakala hiyo ya kwanza isipitie mtandaoni kabisa, bali ibebwe ndani ya diski hadi inakohifadhiwa, hata kwa matatu, mradi data yake imefumbwa kwa ufunguo wa siri, kwani rekodi za wagonjwa na wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Mahali nakala inakopelekwa pana uzito pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Kenya na nchi jirani ilipungua kasi, na mpaka uliopangwa kwa siku za kawaida huwa mkubwa mno katika hali kama hiyo ikiwa seva ya mbali iko ng'ambo. Seva iliyopo Nairobi, inayofikiwa kupitia kituo cha KIXP ambako watoa huduma wa nchini hubadilishana data, haitegemei nyaya hizo. Umeme ukipotea usiku wa manane, programu inapaswa kuagizwa kuhifadhi kipande cha faili kilichokwisha kufika na kuendelea kutoka hapo, la sivyo faili moja kubwa huanza upya kila usiku na haimaliziki.