Kiyoyozi Kisichopoza: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi na Njia za Kupunguza Matumizi ya Umeme Msimu wa Joto

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma katika mwambao wa Tanzania, joto la mchana jijini Dar es Salaam hufikia nyuzijoto 32 au zaidi. Unyevu mwingi wa hewa huongeza adha hiyo, kwa kuwa jasho halikauki upesi mwilini. Huu ndio msimu ambao viyoyozi vya majumbani hufanya kazi kubwa kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka, na ndio msimu ambao malalamiko mawili husikika zaidi: kiyoyozi hakipozi, na uniti za LUKU zinakwisha mapema.

Mara nyingi malalamiko hayo mawili yana chanzo kimoja. Kiyoyozi kilichozibwa na vumbi, au kinachopoza chumba kisichofungika vizuri, hutumia umeme mwingi na kutoa ubaridi kidogo. Mwananchi anayejua mambo machache ya kukagua anaweza kuokoa gharama ya fundi na gharama ya umeme kwa pamoja.

Namna kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi huondoa joto ndani ya chumba na kulipeleka nje. Mashine ya ndani huvuta hewa ya chumba kupitia chujio na kuipitisha kwenye mabomba yenye gesi ya kupozea. Gesi hiyo hubeba joto hadi kwenye mashine ya nje, ambako kompresa huigandamiza na feni hulipuliza joto hilo angani. Kwa hiyo, kazi yote hutegemea hewa kupita bila kizuizi katika pande zote mbili.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba gesi huzunguka katika mabomba yaliyofungwa kabisa. Haitumiki na kwisha kama inavyokwisha gesi ya kupikia. Ikipungua, maana yake ni kwamba inavuja mahali fulani.

Endapo kiyoyozi hakiwaki

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba umeme unafika: uniti zipo, breka ya kiyoyozi kwenye ubao wa umeme haijajizima, na swichi ya ukutani imewashwa. Baada ya hapo, badilisha betri za rimoti na hakikisha hakuna muda wa kujiwasha au kujizima uliowekwa bila kukusudia.

Umeme unaporejea baada ya kukatika, mashine nyingi husubiri takribani dakika 3 kabla ya kompresa kuanza kazi, ili kuilinda isiharibike. Kuwasha na kuzima mara kwa mara katika muda huo hakusaidii. Katika maeneo ambayo nguvu ya umeme hupanda na kushuka, ni vyema kiyoyozi kiunganishwe na kifaa cha kukilinda, kwani kompresa ndiyo sehemu yenye gharama kubwa zaidi kuibadilisha.

Breka ikijizima, inaweza kuwashwa tena mara moja. Ikijizima kwa mara ya pili, iachwe hivyo hadi fundi umeme mwenye leseni afike. Breka hujizima kwa sababu imehisi hatari; kuilazimisha, au kuweka kubwa zaidi bila kukagua nyaya, kunaweza kusababisha moto.

Endapo kinawaka lakini hakipozi

Tazama kwanza kioo cha rimoti. Alama ya theluji huonyesha kwamba mashine imepangwa kupoza. Alama ya feni pekee humaanisha kwamba inapuliza hewa tu. Kisha hakikisha kiwango cha joto kilichowekwa kiko chini ya joto la chumba.

Baada ya hapo, fungua mfuniko wa mashine ya ndani na utoe chujio. Chujio lililojaa vumbi ndilo sababu ya kawaida kabisa ya kiyoyozi kushindwa kupoza. Lioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni laini, likaushwe kivulini, kisha lirudishwe. Katika msimu wa joto inafaa kulisafisha kila baada ya wiki mbili, na mapema zaidi kwa nyumba zilizo kando ya barabara ya vumbi. Kiyoyozi kisiwashwe bila chujio, kwa kuwa vumbi litaganda kwenye mabomba ya ndani, ambako kulisafisha ni kazi ya fundi.

Mashine ya nje nayo huhitaji nafasi. Nguo zilizoanikwa juu yake, majani yaliyoizunguka au kibanda kilichojengwa ili kuikinga na wizi huweza kuifanya ivute tena joto lilelile inalolitoa. Kinga ya nondo zilizoachana inafaa kuliko ukuta. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya bahari hula mapezi membamba ya alumini yaliyo nyuma ya mashine hiyo. Kuyaosha kwa maji yasiyo na kasi kubwa, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka, huongeza uhai wake. Mashine iliyofungwa ghorofani au juu ya paa iachiwe fundi mwenye vifaa vya kupandia.

Endapo kinavuja maji au kinaganda barafu

Hewa yenye unyevu inapopoa hutoa maji, na kiyoyozi kizima hutoa maji mengi kupitia mpira unaotokea nje. Maji yakidondoka ndani, mara nyingi mpira huo umezibwa na utando, vumbi au wadudu. Zima mashine, kisha angalia kama mpira umekunjika, umeziba au mwisho wake umezama katika ndoo ya maji.

Barafu ikionekana kwenye mabomba, zima upozaji na uache feni pekee ifanye kazi hadi iyeyuke. Isikwanguliwe kwa kisu, kwani bomba likitoboka gesi yote itapotea. Safisha chujio, kisha uwashe upya. Barafu ikirudi ilhali chujio ni safi, huenda gesi imepungua.

Wakati wa kumwita fundi

Harufu ya kuungua, cheche, kelele za chuma kusagana, breka inayojizima tena na tena, na dalili za kupungua kwa gesi ni mambo ya mtaalamu. Hapa mwananchi ana haki ya kuuliza swali moja muhimu: uvujaji uko wapi? Kuongeza gesi kila mwaka si sehemu ya matengenezo ya kawaida. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta na kuziba tundu humwachia mteja gharama ileile msimu ujao.

Suala hili linagusa pia mazingira. R22, gesi iliyotumika katika viyoyozi vingi vya zamani, huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiondoa ifikapo 2030. R410A iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia takribani mara 2,000 kuliko kiasi kilekile cha hewa ukaa. Ndiyo sababu nchi wanachama zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, mwaka 2016 kupunguza gesi za kundi hilo. Mashine nyingi mpya hutumia R32, ambayo inaweza kushika moto. Isichanganywe na gesi nyingine wala kujazwa na asiye na mafunzo. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje.

Kupunguza matumizi ya umeme

Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 hutumia takribani kilowati 1 hadi 1.2 kompresa inapofanya kazi. Ikizunguka bila kupumzika kwa saa 8 za usiku, itakula uniti 8 hadi 10. Feni ya wati 60 kwa muda huohuo hutumia takribani nusu uniti. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba akiba hupatikana kwa kuipa kompresa nafasi ya kupumzika.

Njia ya kwanza ni kuchagua joto la wastani. Joto linaloingia kupitia kuta, paa na madirisha hutegemea tofauti kati ya nje na ndani. Nje kukiwa na nyuzijoto 32, chumba kilichopangwa nyuzi 18 kina tofauti ya nyuzi 14. Kilichopangwa 26 kina tofauti ya nyuzi 6 tu. Kiyoyozi kikiwekwa kati ya 25 na 26 pamoja na feni, watu wengi hulala vizuri. Kuweka 16 hakuwezi kumpa mtu nafuu ya kudumu. Mara nyingi humfanya aamke usiku kutafuta shuka huku mita ikiendelea kuhesabu.

Njia ya pili ni kuzuia joto lisiingie. Madirisha ya vioo vya kupanga na nafasi chini ya milango hupitisha hewa nyingi. Zizibwe katika chumba chenye kiyoyozi. Mapazia yafungwe upande wa magharibi kabla ya jua la alasiri. Chini ya paa la bati, dari nzuri na matundu ya kupitisha hewa juu yake hupunguza joto kwa kiasi kikubwa, na kivuli cha mwembe au mwarobaini huukinga ukuta.

Njia ya tatu ni kutumia muda kwa uangalifu. Kiyoyozi kizimwe chumba kinapokuwa hakina mtu, na kipangwe kujizima alfajiri, hewa ya nje inapokuwa imepoa. Katika chumba kilichofungwa, jiko la mkaa lisiwashwe kamwe, na jenereta isiwekwe karibu na dirisha, kwani moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Anayenunua mashine mpya azingatie ukubwa wa chumba. Kwa chumba cha kulala cha mita za mraba 12 hadi 15, BTU 9,000 kwa kawaida hutosha. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza haraka na kujizima kabla ya kuondoa unyevu, hivyo chumba hubaki na hewa nzito. Kiyoyozi cha inveta, ambacho hupunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, hugharimu zaidi dukani lakini hutumia umeme mdogo kwa anayekiwasha saa nyingi.

Kujua matumizi halisi ya kiyoyozi chako, zima vifaa vingine vyote, andika uniti zinazosomeka kwenye mita ya LUKU, washa kiyoyozi kwa saa moja, kisha usome tena. Fanya hivyo kabla na baada ya kusafisha chujio na kubadilisha kiwango cha joto, katika saa ileile ya siku. Tofauti utakayoiona itakuonyesha kiasi ambacho hatua hizo zimekuokolea.