Istilahi Zina Umri: Tabaka la Maana na Takwimu za Biashara katika Mpaka wa Rusizi

Katika uhandisi wa data, tabaka la maana ni sehemu inayokaa kati ya hifadhidata na msomaji wa ripoti. Kazi yake ni kuyageuza majina ya majedwali na safuwima kuwa istilahi anazozifahamu mchumi au mshauri wa sera, na kuhakikisha kwamba swali moja halipewi majibu mawili. Historia yake kwa kawaida huanzia Ufaransa mwaka 1990, Bernard Liautaud na Denis Payelle walipoanzisha kampuni ya Business Objects. Hataza ya mbinu yao ilitolewa Marekani mwaka 1996. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu mkubwa wa kazi hiyo haumo katika programu, bali katika umri wa istilahi zenyewe. Wilaya ya Rusizi, inayotazamana na mji wa Bukavu, ni mahali pazuri pa kulithibitisha hilo.

Tuanze na istilahi “mauzo ya nje”. Kuanzia mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji, na hadi mwaka 1960 pande zote mbili zilitumia faranga moja. Mzigo uliotoka Cyangugu kwenda Bukavu (wakati mwingi wa kipindi hicho ikiitwa Costermansville) ulivuka mto, lakini haukuvuka mpaka wa sarafu. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 na wa Rwanda mwaka 1962, mzigo uleule, pengine uliobebwa na mtu yuleyule, ukawa bidhaa iliyouzwa nchi ya kigeni. Mchoro wa takwimu unaounganisha vipindi hivyo viwili kwa mstari mmoja unalinganisha vitu visivyolingana.

Jina la eneo nalo lilibadilika. Katika mageuzi ya tawala za mitaa ya mwaka 2006, Mkoa wa Cyangugu ulifutwa, na sehemu kubwa ya eneo lake ikaingia katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, ndani ya Mkoa wa Magharibi. Mbunifu anayeandika tu kwamba “Cyangugu ni Rusizi” ameipokonya Nyamasheke historia yake. Kila eneo lahitaji tarehe ya kuanza na ya kukoma kutumika, pamoja na kiungo cha maeneo yaliyolirithi.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, ni mstari kati ya biashara rasmi na isiyo rasmi. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda hurekodi matamko ya forodha. Benki Kuu ya Rwanda nayo hutoa takwimu za biashara isiyo rasmi ya mipakani, zinazotayarishwa kwa njia ya uchunguzi. Chanzo cha kwanza huhesabu hati, cha pili hukadiria mizigo ya watu wanaovuka, wengi wao wanawake wanaouza mboga, unga, kuku au samaki Bukavu. Kuvijumlisha bila kubainisha tofauti hiyo ni kosa. Kukiacha cha pili kwa sababu hakina hati ni kosa kubwa zaidi, maana soko, ghala au mkopo hupangwa kwa kufuata kile kinachoonekana katika ripoti. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa watembea kwa miguu kutokana na UVIKO-19, wafanyabiashara wadogo walitakiwa kukusanya bidhaa zao na kuzisafirisha kwa pamoja. Mchicha uliohesabiwa jana kwa makadirio ungeweza leo kuingia katika tamko la forodha. Ripoti isiyo na ufafanuzi ingeonyesha kuporomoka kwa biashara isiyo rasmi na kuinuka kwa ile rasmi, na mshauri angesifu urasimishaji ambao kwa kweli ulikuwa dharura.

Lugha nayo ina sehemu yake. Samaki mdogo aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 huitwa isambaza Rusizi na sambaza Bukavu; jamii yake katika Tanganyika huingizwa katika jina la dagaa. Katika orodha ya forodha wote humezwa na sura ya 3, pamoja na samaki wengine. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ndicho lugha ya soko la Bukavu. Ni ajabu basi kuunda tabaka la maana kwa Kiingereza na Kifaransa pekee, kisha kutafsiri vichwa vya safuwima baadaye.

Hata “nchi mwenza” haitoshi. Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, msimbo wa nchi ulibaki Kongo, ilhali udhibiti wa ng’ambo ya mto ulikuwa umetoka Kinshasa. Mtafiti anayelinganisha takwimu za pande mbili ahitaji safuwima ya tatu: mamlaka iliyokuwa ikirekodi siku hiyo.